Fimbo ya Saba

Hapana kosa lililoenea viwanjani mwa gofu kuliko mpira kwenda kombo. Mchezaji wa mkono wa kulia husimama sawasawa, akalenga katikati ya uwanda, akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira huondoka kana kwamba umetii; kisha, ukiisha kufika mbali, hugeuza shingo upande wa kulia na kutokomea vichakani. Wachezaji huliita kosa hilo slaisi. Kwa mwenye kupiga kwa mkono wa kushoto, mpira hupindia kushoto. Wengi huanza mchezo wakiwa nalo, na wengi huzeeka nalo.

Mombasa kosa hili lina adhabu yake mahususi. Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1911, ina uwanja wa mashimo 9 uliotandazwa juu ya mwamba, kando ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo meli ziingiazo Kilindini hupita karibu. Kusi likivuma, mpira uliokwisha kuanza kupinda hukutana na mkono mwingine wa kuusukuma. Upepo haulianzishi kosa, lakini hulikuza. Na huko mbele panaposubiri maji, hapana wa kwenda kuutafuta mpira.

Katika uwanja huo mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, alicheza miaka mingi na fimbo moja ya mbao, namba tatu. Aliinunua siku za nguvu zake. Asubuhi moja ya kaskazi fimbo hiyo ilimpa pigo ambalo hakulisahau: mpira ulikwenda moja kwa moja, ukatua, ukabingirika, ukasimama hatua chache tu na bendera. Tangu siku ile, kila alipoishika alikuwa akilitafuta pigo lile. Mipira mingine yote iliyopotelea kulia aliihesabu kuwa ni ajali. Kijana aliyembebea mfuko ndiye aliyeijua hesabu ya kweli, kwani ndiye aliyekuwa akiingia vichakani.

Siku moja kijana akathubutu. "Mzee, hii ya tatu waipenda, lakini yenyewe haikutii. Jaribu ya saba."

Mzee akacheka. "Ya saba ni ya kina mama, mwanangu."

"Kina mama mipira yao iko nyasini, mzee."

Mzee hakujibu. Lakini neno lile lilimwingia, maana lilikuwa kweli, na lilitoka kwa mtu asiyekuwa na faida ya kumbembeleza wala ya kumkejeli.

Ili kuelewa kwa nini kijana alisema kweli, yafaa kwanza kuitazama fimbo yenyewe. Fimbo za mbao za leo hazina mbao. Zamani vichwa vyake vilichongwa kwa pasimoni, mti wa Marekani ulio wa ukoo mmoja na abunusi halisi, ingawa si wa ukoo wa mpingo wa Afrika Mashariki. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza fimbo ya namna hiyo yenye kichwa cha chuma, na baadaye mbao zikawekwa kando. Jina likabaki. Kinachotofautisha namba moja na nyingine ni urefu wa mpini na mwinamo wa uso. Ya tatu huwa na mwinamo wa digrii 15 hivi, ya tano 18, na ya saba 21. Kadiri namba inavyopanda, mpini hufupika na uso hulala zaidi kwa nyuma.

Kisha yafaa kuutazama mpira. Kwa muda mrefu wachezaji walifundishwa kwamba mpira huanza safari yake kwa kuifuata njia ya fimbo. Rada za kupimia mapigo, zilizoenea katika miaka ya 2000, zilithibitisha vingine: mwelekeo wa kuanzia hutokana zaidi na uso wa fimbo, na kupinda hutokana na hitilafu iliyopo baina ya uso huo na njia ya fimbo wakati wa kugonga. Uso ukiwa umefunguka kulia kuliko njia, mpira hupinda kulia.

Tena, mpira haupati mizunguko miwili, mmoja wa nyuma na mmoja wa ubavuni, kama watu wapendavyo kusema. Huzunguka mzunguko mmoja juu ya mhimili mmoja, na mhimili huo ndio ulalao upande, mfano wa mlingoti wa jahazi lililoelemewa na upepo. Ukilala sana, mpira hupinda sana. Sasa, uso wenye mwinamo mwingi huupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaousimamisha mlingoti. Kosa la mkono likiwa lile lile, fimbo ya tatu huulaza mhimili zaidi kuliko ya saba. Mkono haukubadilika, ila adhabu imepungua. Na kwa kuwa mpini wa ya saba ni mfupi, ni rahisi zaidi kuugonga mpira katikati ya uso.

Kwa hiyo mwenye kupinda kulia, akitaka fimbo ya uwandani, aanze kwa kuiacha ya tatu na kuzijaribu ya tano na ya saba. Atafute kichwa ambacho uzito wake umewekwa chini na nyuma, ili mpira upande hewani bila kulazimishwa. Zipo fimbo ambazo uzito wake umesogezwa upande wa kisigino, yaani karibu na mpini; hizo husaidia uso ufunge mapema zaidi. Zipo ambazo uso wake umerudishwa nyuma kidogo ya mpini, nazo humpa mchezaji nukta ya wakati ya kuurejesha mahali pake. Zipo zenye shingo ya kurekebishwa. Aghalabu ukiongeza mwinamo kwa shingo hiyo, uso nao hufunga kidogo, jambo ambalo kwa mtu wa slaisi ni heri mbili kwa bei moja. Na mpini usiwe mgumu kuliko nguvu za mwenyewe. Mwenye mwendo wa taratibu akishika mpini mkakamavu, mara nyingi uso hufika umechelewa kufunga.

Yapo pia ya kupoteza. Mpira upandao juu sana hudhoofika ukielekezwa kwenye upepo, na anayecheza kandokando ya bahari atalijua hilo kabla ya mwezi kwisha. Yadi kadhaa zitapungua. Wala hakuna kichwa cha fimbo kiwezacho kuuponya mshiko mbaya. Mkono wa kushoto ukiwa umegeukia mno kushoto juu ya mpini, uso utafunguka tu, na mbinu za mhunzi hazitafua dafu. Fimbo nzuri hupunguza gharama ya kosa. Kulitoa kosa ni kazi ya mwalimu na mazoezi.

Lakini gumu kuliko yote ni namna ya kujaribu. Dukani mtu hupiga mipira kumi, tisa ikaenda kombo na mmoja ukanyooka, naye akainunua fimbo kwa ajili ya ule mmoja. Hivyo ndivyo mzee wa Mombasa alivyofungwa na ya tatu. Fimbo huchaguliwa kwa kuyatazama mapigo mabaya: yameangukia wapi, na je, kutoka hapo mtu aweza kuendelea? Ile ambayo makosa yake yanachukulika ndiyo ya kuchukua.

Dhana kwamba namba kubwa ni ya wanyonge haina msingi. Dustin Johnson, mmoja wa wapigaji wenye nguvu kubwa katika zama zake, alikuwa na fimbo ya saba mfukoni Novemba 2020, aliposhinda mashindano ya Masters kwa mapigo 268, machache kuliko aliyewahi kupiga mshindi yeyote hapo Augusta.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuambiwa hili mara mbili. Si bure kwamba mikondo ya tungo za Kiswahili huitwa bahari, na kila chombo kina bahari yake. Mwenye pumzi fupi akijilazimisha mshororo wa mizani 16 hujaza nafasi kwa maneno ya kubandika. Pumzi ile ile katika mizani 8 ya utenzi husimama imara. Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 na akataka kumwachia binti yake wasia, alishika utenzi. Hapana aliyemwambia kwamba ameshika kilicho kidogo.

Kanuni za gofu haziruhusu zaidi ya fimbo 14 mfukoni, na mzee alikuwa nazo zote 14. Kuiingiza ya saba kulimaanisha kuitoa nyingine. Kwa majuma mawili alitoa hii akarudisha ile, akitafuta ya kuiaga isiyokuwa ya tatu. Hatimaye aliifuta vumbi, akaitundika nyumbani ukutani, akaenda uwanjani bila yake. Mpira wake wa kwanza kwa ya saba uliondoka juu, ukapinda kidogo, ukaanguka mbali na pale ambapo pigo la ile asubuhi lingefika. Ulikuwa nyasini. Kijana hakusema neno. Aliubeba mfuko, wakaufuata mpira wote wawili kwa miguu, katikati ya uwanda.