Panga za Mbao Kawangware, Kumbukumbu za Askari Kibra

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wapenzi wasomaji, na hususan mama zangu na dada zangu, wiki hii nawaondoa kwenye harufu ya bahari na kuwapeleka mitaa miwili ya Nairobi ambayo wengi wetu huijua kwa habari za moto na maandamano tu: Kawangware na Kibra, ambayo wengine huandika Kibera. Safari yangu haikuwa ya matembezi. Niliitwa.

Dada yangu mdogo, ambaye amekaa Kawangware tangu alipoolewa, alinipigia simu baada ya sala ya isha. "Kaka," alisema, "njoo uzungumze na mpwao. Anatengeneza ngao." Nikadhani sikusikia vyema. Akaendelea kunieleza kwamba kijana wake, mwenye umri wa miaka 19, pamoja na wenzake wanne, wamekuwa wakitazama kwenye simu Wazungu waliovaa mavazi ya chuma wakipigana kwa panga kama walivyopigana mababu zao wa kale, na sasa nao wameanza. Kila Jumapili hukutana uani kwa jirani, wakagongana fito. "Mkataze," aliniambia. "Wewe ni sheikh, wewe atakusikia."

Nikapanda gari la moshi la SGR kutoka Miritini, na fatwa nimekwisha kuitia mfukoni kabla ya kuiona kesi yenyewe. Mwenyezi Mungu anisamehe kwa haraka hiyo.

Kutoka mjini Nairobi hupandwa matatu nambari 46, na mtu hushushwa katikati ya msongamano wa wauza mboga, mafundi viatu na vibanda vya simu. Nyumba ya dada yangu ni chumba kimoja na sebule, safi, yenye pazia la kijani. Tulipokwisha kunywa chai alinionyesha mlango. "Mlango huu," alisema, "mwanzo wa mwaka 2008 tuliuwekea kabati nyuma yake, tukalala sakafuni siku tatu. Nilizisikia panga zikikwaruzwa kwenye lami. Na mwaka 2017, mwezi wa Oktoba, zikarudi. Leo mwanangu ashike panga kwa mchezo?"

Sikuwa na jibu. Hofu ya mama huyu haikutoka vitabuni. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, mitaa kama Kawangware na Kibra ilishuhudia jirani akimkimbia jirani, na aliyeyaona hayo hahitaji kufundishwa na sheikh maana ya chuma chenye makali.

Siku ya pili, Jumapili, nikaenda uani. Kijana akanijia mbio: "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia marahaba, kisha nikaomba kuonyeshwa kila kitu. Panga zao zilikuwa fito zilizofungwa sponji la godoro kuukuu, na juu yake tyubu ya baiskeli. Ngao zilikuwa za mbao nyembamba, zenye ukanda wa kushikia uliotoka kwenye begi la shule. Glavu zilikuwa za mafundi wa ujenzi, na kofia zilikuwa za boda boda. Nikawauliza kwa nini wanapenda jambo hili. Mmoja wao, asiye Muislamu, akanijibu kwa adabu kwamba hapa mtaani kijana akishika fimbo watu humkimbia, na yeye alitaka mahali ambapo mtu hushika fimbo kisha mwisho akampa mwenzake mkono.

Jibu hilo lilinipunguzia ukali. Nikaketi, wakanieleza waliyojifunza, nami baadaye nikayasoma zaidi. Mchezo huu una milango mingi. Huko Marekani, mwaka 1966, watu wa Berkeley, California, walianzisha chama cha kuigiza maisha ya Ulaya ya karne za kati: mavazi, vyakula, kazi za mikono na mapigano, nao hupigana kwa fito za henzirani badala ya chuma. Huko Poland, kila mwezi wa Julai, watu huigiza vita vya Grunwald vya mwaka 1410. Na wako wanaopigana kwa chuma hasa, kundi kwa kundi, mchezo uitwao buhurti. Silaha zao hazina makali wala ncha, kuchoma kumekatazwa kabisa, na waamuzi husimama uwanjani. Mavazi yao huweza kufika kilo 25 au 30, na bei yake si ya kijana wa Kawangware.

Mlango wa tatu ndio ulionivutia mimi, mtu wa madrasa, kwani ni wa kitabu. Wako wanaojifunza upanga kwa kusoma maandiko ya kale. Kitabu kikongwe zaidi cha aina hiyo kinachojulikana Ulaya kiliandikwa kwa Kilatini yapata mwaka 1300, nacho kimehifadhiwa Leeds, Uingereza. Picha zake zinamwonyesha mtu wa dini akimfundisha mwanafunzi wake upanga na ngao ndogo, na katika kurasa za mwisho anayeshika upanga ni mwanamke, jina lake Walpurgis. Wala sisi hatukuwa nyuma. Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya furusiya, yaani elimu ya farasi, mshale, mkuki na mashindano, na hukumu za kila kimoja.

Ama mlango wenyewe wa kuanzia, wenye ujuzi husema si upanga. Huanza miguu: namna ya kusimama, kusogea bila ya kuivuka miguu, na kujua umbali baina yako na mwenzako. Kisha huja kukinga, na kupiga huwa mwisho. Nilipowauliza vijana wetu wameanza na lipi, walicheka. Walikuwa wameanza na kupiga, na mmoja alikuwa na kidole kilichovimba.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikikumbuka hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamsitiri mkewe, mama yetu Aisha, nyuma yake, akasimama hadi yeye mwenyewe alipotosheka na kutazama. Na katika mapokezi mengine, Sayyidna Omar alipotaka kuwazuia, Mtume alimwambia awaache. Nilijiona mimi ndiye niliyeshika vijiwe vya Omar. Lakini nilikumbuka pia kwamba Mtume huyo huyo amemkataza Muislamu kumwelekezea nduguye silaha, hata kwa mzaha, na ameamrisha mwenye kupigana aepuke uso. Basi dini haikuifunga njia, bali iliiwekea kingo.

Na huku kwetu pwani, nani hajaona kirumbizi? Lamu, katika arusi na katika siku za Maulidi, wanaume wawili huingia katikati ya duara na bakora zao, zumari ikilia, wakatafutana, wakakingana, kisha wakaachana bila ya chuki. Wamakunduchi kule Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, hupigana kwa migomba wakamaliza magomvi ya mwaka. Waliotoka Oman walikuja na razha yao ya panga. Kijana wangu alikuwa amevuka bahari mbili kutafuta kitu ambacho babu yake alikuwa nacho barazani.

Siku ya Jumatatu nilimchukua kijana tukaenda Kibra. Tulishuka kwa barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, tukafuata Ngong Road hadi Adams, tukapita katikati ya mitumba ya soko la Toi, tukatokea Makina. Nilitaka aone historia inayoishi bila ya kuvaa chuma.

Kibra, katika lugha ya Kinubi, ni msitu. Wanubi wa hapo ni kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Misri. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa Mahdi mwaka 1885, kundi lao lilikatikiwa kusini, chini ya Emin Pasha, na mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao kuitumikia kampuni ya Waingereza. Mwaka 1902 ilipoundwa King's African Rifles, wao walikuwa katika uti wa mgongo wake. Walipozeeka wakapewa kukaa katika msitu ule ulio pembeni mwa Nairobi, na mwaka 1918 serikali ikautangaza kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Lakini kukaa walipewa, hati hawakupewa.

Tulikaribishwa na bibi mmoja wa Kinubi, mwenye zaidi ya miaka 80, nyumbani kwake karibu na msikiti. Alituletea gurusa na chai. Ukutani zilitundikwa tabaga, zile sinia za ukili wa rangi zinazofunikia chakula, na kila moja aliisuka yeye au mama yake. Alimtuma mjukuu wake alete gurbaba iliyotariziwa kwa mkono, akamwonyesha kijana wangu kila ua na jina la aliyelitia. Kisha akatueleza habari za baba yake, aliyepelekwa Burma katika vita vya pili vya dunia na kurudi na mguu usiokunjika. Alituimbia kwa sauti ndogo nyimbo za doluka walizokuwa wakicheza wanawake arusini, akiipiga meza kwa vidole.

Kijana akamwuliza, "Bibi, babu alikuwa na upanga?"

Akacheka. "Babu yako alikuwa na bunduki ya serikali, nayo aliirudisha. Aliporudi hapa hakuwa na kitu ila habari zake. Serikali ilipotuambia sisi ni wageni, hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na habari hizi."

Maneno hayo si ya chai tu. Watoto wa Kinubi waliadhibika miaka mingi kwa kunyimwa vitambulisho vya uraia, hadi mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ilipoamua kwamba Kenya imevunja haki zao. Mwaka 2017 jamii yao ilikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Pimeni wenyewe, 288 kutoka zaidi ya 4,000. Lakini hata hizo zisingepatikana lau kina bibi kama huyu wangalinyamaza. Wanaume walipigana vita vya watu wengine, na waliohifadhi ushahidi ni wanawake, kwa sindano, kwa ukili na kwa ulimi.

Tulirudi Kawangware kijana akiwa kimya. Usiku tukaketi watatu, mimi, yeye na mama yake. Fatwa niliyokuja nayo sikuitoa. Nilimpa masharti, nami nawaandikia hapa kwa kuwa huenda mwana wako naye akaja na ngao kesho.

La kwanza, hakuna chuma wala kitu chenye ncha, na hapana pigo la kichwa wala uso mpaka wapatikane na vinyago vya waya vya wacheza vitara. Kofia ya boda boda haitoshi, kwani imeundwa kwa kuanguka, wala haikingi macho. La pili, miezi mitatu ya mwanzo ni miguu na kukinga tu, na awepo mtu mzima mwenye neno la mwisho: akisema basi, ni basi. La tatu, mwenye hasira haingii uwanjani siku hiyo. La nne, sala haicheleweshwi, na mchezo huisha kabla ya magharibi. La tano, fito na ngao hazitoki nje ya ua, hazibebwi njiani hata mara moja, na katika miezi ya uchaguzi mchezo hufungwa kabisa. La sita, kwa kila mwezi wa kujifunza upanga wa Ulaya, aende Kibra mara moja akae na bibi yule aandike anayoyasikia, na akija Mombasa nitamtafutia fundi wa kirumbizi.

Kijana alikubali yote, ila la tano lilimsumbua. "Mjomba, kwani fito zetu zina kosa gani?" Mama yake akamjibu kabla yangu: "Fito hazina kosa. Jirani hajui kwamba ni fito."

Jumapili iliyofuata, kabla ya kupanda gari la kurudi, nilipita tena uani. Vijana walikuwa wakisogea mbele na nyuma bila ya fito mikononi, wakihesabu hatua. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mtandio ameushika chini ya kidevu. Sikumwuliza kama ameridhika. Nilimwona tu kwamba hakuondoka, na nilipoaga alikuwa bado anatazama.

Dada zangu, msikimbilie kukataza jambo msiloliona, na msinyamaze kwa mliyoyaona. Kaeni mlangoni mtazame. Na mkae pia na watoto wenu muwasimulie mlikotoka, kwani asiyesimuliwa na mama yake husimuliwa na simu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu na shari ya chuma, na aijaalie mitaa yetu amani. Wabillahi tawfiq.