Nilifuta ile vidio ya Kwale

Kama unanifuata tangu 2024, unakumbuka ile vidio ya sekunde 40 niliyoposti kutoka Kwale, halafu kesho yake ikapotea. Wengi mliuliza kwenye maoni imeenda wapi, nikawaambia simu ilinisumbua. Nilidanganya. Niliifuta mwenyewe. Leo nawapa stori yote.

Siku ya Mashujaa mwaka huo, 20 Oktoba, sherehe za kitaifa zilikuwa Kwale. Mimi ni mtoto wa Voi, na si kila mwaka sherehe hizo zinakuja karibu hivyo. Jumamosi nikapanda matatu hadi Mombasa, nikavuka feri, nikalala kwa shangazi Likoni. Alfajiri ya Jumapili nikashika gari la Kwale, tukapita Kombani bado giza. Na wacha niseme ukweli, sikuenda kusikiliza hotuba. Nilienda kusikiliza bendi.

Najua inasikika vibaya kwa kijana wa umri wangu. Lakini tangu kidato cha pili nina ugonjwa mmoja: matarumbeta. Wasee wa darasa letu walikuwa wakimaliza bando kwa mpira na gengetone, mimi nikimaliza kwa mashindano ya Drum Corps International ya Marekani. Mashindano hayo yalianza 1972, na sikuhizi fainali hufanyika Indianapolis. Kikosi kimoja kina vijana zaidi ya 150. Hakuna klarineti, hakuna saksafoni, ni vyuma vya kupuliza na ngoma tu, na wote wanakimbia uwanjani wakipiga. Ukivuka miaka ishirini na mbili hivi, umestaafu. Manze, kustaafu kabla hata hujapata kazi.

Mwaka 2008 kikosi kinaitwa Phantom Regiment kilicheza hadithi ya Spartacus, yule mtumwa aliyeasi Roma. Kilichukua ubingwa kwa pointi 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils. Hesabu mwenyewe hiyo tofauti. Nimeitazama fainali hiyo mara nyingi kiasi kwamba najua jukwaa litapiga kelele sekunde gani.

Watu wanafikiri utamu wa pale ni sauti kubwa tu. Hapana. Tarumbeta si kama spika ya matatu inayotapika kila upande. Sauti yake inaenda pale mdomo wake unapoelekea. Kwa hiyo hawa jamaa wanacheza wakiwa wamewapa mgongo, au wameinamisha vyombo chini, na wanapunguza mpaka unasikia mtu akikohoa jukwaani. Halafu matuba yanaingia chini kabisa, unayasikia tumboni kabla ya masikioni. Halafu watu sabini wanageuka kwa hatua moja, midomo ya vyombo juu, wote wakikuangalia wewe. Hapo hata kama umekaa kitandani na earphone za mia mbili, nywele za mkono zinasimama.

Sasa nilikuwa sijawahi kupigwa na kitu hicho ana kwa ana. Kwale ndiyo nilipigwa.

Bendi ilikuwa imepita mbali, upande wa pili wa uwanja, sauti ikija kwa vipande na upepo. Nikaanza kujuta nauli. Kisha yule wa mbele mwenye rungu refu akatoa ishara, safu zikapita katikati ya safu zingine kama meno ya kitana, na ghafla wote wakawa wanatukabili. Ngoma ndogo zikaunguruma. Sekunde moja hivi ya pumzi. Halafu matarumbeta na matromboni kwa pamoja, kwa kifua chote. Mama mmoja kando yangu mwenye leso ya Kidigo alisema tu, "Yallah!" Mimi nililia. Silii kwa mambo mengi, lakini pale nililia, na nikaposti nikiwa bado nalia, na maneno: "Hii ndiyo sauti tamu zaidi Kenya."

Saa mbili usiku ikaja sauti ya beshte yangu kwenye WhatsApp. Dakika nne na nusu.

Huyu tumetoka naye shule ya msingi. Juni 2024 alikuwa barabarani Nairobi wakati ule wa mswada wa fedha. Alirudi Voi na goti lililofungwa bandeji na kikohozi ambacho kilikaa wiki tatu. Mimi ndiye nilimpokea stejini. Alisema mengi kwenye ile sauti, lakini lililobaki ni hili: "Wewe uliniona nikishuka kwa ile gari. Halafu unawaposti na emoji za moto. Umelipwa?"

Sikuwa nimelipwa. Ningekuwa nimelipwa ingekuwa rahisi kueleza. Kilichonitesa ni kwamba alikuwa na haki, na bado nilijua nikisikia ule mlio tena, mwili utafanya vilevile bila kuniuliza. Nikafuta vidio. Yeye akanyamaza miezi.

Kwa sababu sina mtu mwingine wa kumsumbua, nilimpelekea stori nyanya yangu wa Bura. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya kwanza na hakurudi, na kwamba watu wa zamani walikuwa wakisikia tarumbeta wanaficha vijana.

Ile vita ilikuwa hapa kwetu, watu wangu, si ya vitabu. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili yake. Salaita, kile kilima unachokipita ukienda Taveta, watu walikufa pale 12 Februari 1916. Watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa 1915 hadi Malindi. Nenda makaburi ya vita ya Voi, Maktau au Taveta, utakuta mawe yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa. Babu ya nyanya hana jiwe mahali popote.

Lakini kuna kitu kingine kilitokea na hayo matarumbeta, na hiki ndicho kilinikalisha macho. Tangu miaka ya 1890 watu wa Pwani, Lamu na Mombasa, walikuwa wameshaichukua bendi ya wazungu na kuifanya ngoma yao. Wakaiita beni. Mitaa ilishindana, Kingi na Scotchi, watu wanajipa vyeo vya ujenerali, wanavaa sare za kujishonea, wanatoka na gwaride barabarani kutambiana nani mkali. Baada ya ile vita, askari na wapagazi waliobaki hai waliitawanya Afrika Mashariki nzima, Marini upande huu, Arinoti upande ule. Yaani mtu anatoka kubeba mizigo ya jeshi, halafu anaunda jeshi lake la kucheza. Wakoloni walianza kuwashuku, na mimi ningewashuku pia.

Zanzibar beni bado inapigwa kwenye harusi. Nilidhani kwetu haipo tena, mpaka Desemba nilipovuka Holili kwenda harusi ya binamu yangu Moshi.

Kule bwana harusi hatoki bila matarumbeta. Wasee saba nyuma ya pikapu iliyo wazi, fulana za rangi moja, tuba limepinda kidogo mdomoni, na ngoma kubwa imekazwa kwa kamba ya katani. Wanatangulia magari ya harusi, na kwenye kila makutano ya barabara pikapu inapunguza mwendo ili watu wa mtaa wacheze. Kufika mbele ya kanisa walizima kila kitu isipokuwa ngoma. Dereva akageuza pikapu polepole mpaka nyuma ikatukabili. Nikajua kinachokuja. Nilikuwa na simu mkononi na sikuirekodi sekunde ya kwanza, kwa sababu ilinipiga kifuani palepale, mahali pale pale pa Kwale. Walikuwa nje ya tuni kidogo. Shangazi mmoja akavua viatu.

Nilirekodi iliyobaki, sekunde 22, nikamtumia beshte yangu bila neno lolote. Alama mbili za buluu zikatokea haraka. Kimya. Nikarudi ukumbini nikala ndizi na nyama, nikacheza na wazee, nikasahau.

Saa sita usiku simu ikalia. Ameandika: "Huyo wa tuba anapuliza akiwa amesimama kwa pikapu inayotembea? Si ataanguka?"

Nikamwambia nilimwuliza, na jamaa alisema ameanguka mara mbili.