Namba Isiyohama

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba, na kwamba hisabati ya juu haiwezi kukaa ndani yake. Mwenzangu mmoja, mwanafunzi wa uzamili katika hisabati, aliniambia hivyo waziwazi, kisha akanitaka nieleze kwa Kiswahili jinsi ya kukokotoa nukta tuli. Nilimwomba anifunze kwanza. Niliyoyapata ni haya.

Chukua kanuni yoyote inayopokea namba na kutoa namba. Nukta tuli ni ile namba ambayo hutoka vile vile ilivyoingia. Mbinu kongwe ya kuitafuta ni kurudia: kinachotoka hurejeshwa ndani, tena na tena. Mathalani, gawa 2 kwa namba uliyo nayo, jumlisha jibu na namba yenyewe, kisha chukua nusu. Ukianza na 1, utapata 1.5, halafu 1.416667, halafu 1.414216, halafu 1.414214, na hapo tarakimu hizo hazisogei tena. Umefikia kipeuo cha pili cha 2, kwa njia aliyoieleza Heron wa Iskandaria katika karne ya kwanza.

Hata hivyo, si kila kanuni ni tiifu. Kanuni ya kuzidisha namba kwa yenyewe ina nukta tuli mbili: 0 na 1. Anza na 0.9, utapata 0.81, kisha 0.6561, ukididimia kuelekea 0. Anza na 1.1, utapata 1.21, kisha 1.4641, na hutarudi kamwe. Nukta ya 1 ipo, ila humfukuza kila anayeikaribia. Mwaka 1922, Stefan Banach wa Poland alichapisha sharti linaloondoa wasiwasi huo: iwapo kila mara kanuni hupunguza umbali baina ya namba zozote mbili, tuseme ukabaki nusu au chini ya nusu, basi nukta tuli ni moja tu, na popote uanzapo utaifikia.

Mwenzangu alikubali maelezo, akalikataa neno. "Nani anasema 'nukta tuli'?" akauliza. Swali lake lina uzito. Istilahi nayo haitui kwa kuandikwa kamusini mara moja. Sharti irejeshwe vinywani na madaftarini, na kila rejeo liwasogeze wasemaji karibu zaidi. Tukiziacha istilahi zetu makabatini, tutabaki tukilaumu lugha kwa safari ambayo sisi wenyewe hatujaianza. Wanachama wenzangu, tuzitumie, hata mbele ya wanaocheka.