Nani Hakuja Jana?

Mara ya kwanza jina langu liliposomwa darasani mjini Mbuji-Mayi, sikuitika. Mwalimu alilisoma tena, akainua macho, akaanza kuhesabu vichwa. Hatukufika arobaini, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. Alipolisoma mara ya tatu, msichana aliyekaa ubavuni mwangu alinigusa kwa kiwiko, nami nikasema "Niko" kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Ilikuwa mwisho wa 1993. Mwezi wa tatu mwaka uleule, huko Kolwezi, jina hilohilo ndilo lililotutoa nyumbani kwetu.

Nimekumbuka hayo yote juzi, kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Amepata diploma yake ya Serikali, ya kumaliza sekondari, akaja kukaa nami jikoni, akauliza: "Mama mdogo, niende chuo gani?" Kolwezi ya leo ina mabango ya vyuo kama ilivyo na mabango ya maduka ya kununua madini. Nilimwambia anipe siku mbili nifikirie. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuchagua chuo. Nilichaguliwa na mambo mengine, kisha nikajua baadaye nilichopata.

Tulikuwa tukikaa kampi ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, upande ambao kiangazi upepo ulituletea vumbi la Kingamyambo. Asiyeijua Kingamyambo afikirie kilima kipana cha mchanga laini, laini kuliko unga wa bukari, ugali wetu. Ni mabaki. Mawe ya shaba yakishasagwa na kuchujwa kiwandani, kinachobaki humwagwa huko kikiwa uji, maji yakauke, mchanga ubaki. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda hicho cha kuchuja. Mama aliamka kabla ya jua kufua mashuka, akayaanua kabla ya saa nne, maana ikishapita saa hiyo upepo ungeyarudishia rangi ya Kingamyambo. Meno yetu yalijua mchanga ule. Kwenye mboga ya sombe ulikuwemo, na kwenye kitanda pia.

Babu aliletwa na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, kutoka Kasai miaka ya 1920, kama walivyoletwa maelfu ya wengine. Baba alizaliwa Likasi ilipokuwa bado inaitwa Jadotville. Mimi nilizaliwa Kolwezi 1972. Kiluba cha Kasai tulikuwa nacho cha salamu, cha matusi, na cha nyimbo za matanga. Mengine yote, hata ndoto, yalikuwa kwa Kiswahili.

Kaka yangu mkubwa, tunayemwita yaya, alikwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 1987. Likizo akirudi alisimulia ukubwa: wanafunzi wengi hata wengine wanasikiliza somo madirishani, homu, yaani mabweni, zenye ghorofa, mabasi. Alisimulia kwa fahari, nasi tulisikiliza kwa fahari. Ukubwa ndio ulikuwa uzuri wenyewe. Mimi nilipangiwa kumfuata mwaka 1990, na mama alikuwa ameshaninunulia sanduku la bati.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, umeme ulikatwa kampasi ya Lubumbashi, na watu wenye silaha wakaingia homu kwa homu. Wiki mbili na nusu kabla yake, tarehe 24 Aprili, Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja, na wanafunzi wakawa wameanza kuwasaka waliowashuku kuwa wapelelezi kati yao. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, wengine mamia. Miaka imepita zaidi ya 30 na bado hakuna hesabu ambayo pande zote zimeikubali.

Kolwezi habari zilitufikia kwa midomo ya madereva wa malori. Baba aliomba ruhusa kazini, akasafiri, akarudi siku ya nne akiwa amekonda. Alikuwa ameuliza kila aliyemwona, hadi wamama wanaouza mandazi kando ya barabara. Alikaa kwenye kiti chake bila kuvua koti, akamwambia mama: "Watoto ni wengi mno. Nani atajua mmoja hayuko?"

Yaya alifika siku ya tisa, kupitia Likasi, na viatu ambavyo havikuwa vyake. Mpaka leo hajui mwenzake wa chumba aliishia wapi. Hakurudi tena masomoni. Sanduku langu la bati likawa la kuwekea unga.

Chuo kilifungwa. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake, Mobutu naye akawafukuza wataalamu wa Kibelgiji, wakiwemo walimu. Mwezi wa tisa mwaka huo sehemu ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, ikaporomoka. Gécamines iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ilishuka hadi kama tani 30,000 mwaka 1994. Posho ilipungua, kisha ikachelewa, kisha tukaacha kuiuliza. Mimi nilikaanga mandazi.

Yaliyofuata sitayasimulia kwa urefu. Wako waliopoteza zaidi yetu. Agosti 1992 Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, na mkoani kwetu Katanga sisi wenye asili ya Kasai tukaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Likasi ilitangulia, Kolwezi ikafuata Machi 1993. Tulilala wiki nyingi karibu na stesheni ya reli, chini ya mashuka yaleyale ya mama, tukingoja treni. Jina lilitosha. Hukuhitaji kufanya kitu. Mtu alisoma karatasi yako, akakutazama. Treni ilipokuja ilitupitisha Tenke, Bukama, Kamina, hadi Mwene-Ditu, na kutoka hapo lori hadi Mbuji-Mayi, huko Kasai, mji ambao baba yangu, mwenye miaka 51, alikuwa anauona kwa mara ya kwanza. Huko nako wenyeji walitucheka jinsi tunavyoongea. Walituita Wakatanga.

Basi ukiniuliza kwa nini nilisoma katika chuo kidogo cha watu binafsi, jibu la kweli ni fupi: kilikuwa wazi, na baba aliweza kutembea kwa miguu hadi mlangoni, akaongea na mtu.

Hilo la pili, chuo cha karibu na nyumbani, ndilo lililokuwa geni. Tangu 1971 nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, UNAZA, baada ya Mobutu kuunganisha Lovanium ya Wakatoliki ya Kinshasa, chuo cha Waprotestanti cha Kisangani na chuo cha serikali cha Lubumbashi. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena, vikabaki vya serikali. Mwaka 1989 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wengine, na watu wakaingia kama maji: Butembo chuo cha Kikatoliki cha Graben, Bukavu cha Kikatoliki nacho, vyote mwaka huohuo wa 1989. Mbuji-Mayi chuo kilianza 1990, na nyuma yake alikuwepo Jonas Mukamba, mkuu wa MIBA, kampuni ya almasi, na fedha za kampuni hiyo. Askofu wa mji alikuwa Tharcisse Tshibangu. Mzee huyo aliwahi kuwa rekta wa Lovanium, kisha wa UNAZA yenyewe. Mtu aliyeshika chuo kikubwa kuliko vyote nchini akaja kuwa askofu katika mji ambao chuo chake ungeweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Nilikuwa nikimwona kanisani na kujiuliza anatuonaje.

Niliandikishwa uchumi. Minervali, yaani ada, alilipa mama kwa biashara ya unga, na alilipa kwa zaire za zamani, fedha yetu ya wakati ule. Hapa lazima nieleze. Mwishoni mwa 1993 Kinshasa ilitoa zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Kasai tuliikataa. Watu walisema serikali ile si halali na noti zake ni karatasi, wakaendelea na noti kuukuu, zilizochanika na kubandikwa, zikifungwa mafungu makubwa kama matofali. Hali hiyo iliendelea miaka.

Sasa, walimu wengi walikuwa maprofesa wageni, wanakuja kwa ndege kutoka Kinshasa, wanafundisha somo zima kwa wiki mbili asubuhi na jioni, wanatoa mtihani na kuondoka. Huo ulikuwa, na bado ni, ugonjwa wa vyuo vidogo vya nchi hii: kichwa chako kinajazwa kama gunia. Lakini sikiliza. Mmoja wao, mchana wa kwanza, alitoka kununua soda kwa mama mmoja aliyekaa karibu na lango. Akatoa zaire mpya, safi, zinalia zikikunjwa. Mama akaipokea moja, akaigeuza, akaionyesha jirani yake, wakacheka, akamrudishia. Profesa wa uchumi alibaki na kiu mbele yetu sote. Tukamchangia noti zetu kuukuu.

Kesho yake hakufungua madaftari yake. Alitumia saa mbili kutuuliza fedha ni nini, nani anaifanya iwe fedha, na kwa nini bei za vitu Mbuji-Mayi zilikuwa zimetulia kuliko za Kinshasa. Alituita mmoja mmoja, kwa jina. Kwenye mtihani swali la mwisho lilikuwa: kati ya benki kuu na mama wa soda, nani ana haki? Nimesahau mengi ya miaka ile, ila swali hilo bado nabishana nalo. Darasa la watu mia sita lisingeweza kumchangia profesa soda.

Na ile habari ya kuitwa jina. Kila asubuhi orodha ilisomwa. Mwanzoni tumbo lilinikaza. Kisha, mwezi wa pili wa masomo, nikashikwa na malaria. Siku ya tatu ya homa mama alisikia hodi. Mlangoni alisimama asistenti wetu, vumbi hadi magotini, daftari la orodha kwapani. Alikuwa naye amefukuzwa Likasi, kwa hiyo aliongea lugha yetu: "Mama, jambo. Huyu mutoto yana na yuzi haukukuya. Uko mugonjwa?"

Mama hakumjibu. Alienda nyuma ya nyumba akalia, nami nikasikia kutoka kitandani. Kisha akarudi, akampikia bukari ya mahindi matupu, ya kwetu, si ile ya Kasai inayochanganywa na muhogo, na asistenti akala hadi akaukwangua ukoko. Baba alikaa mbele yake akimtazama anavyokula. Nilijua anamfikiria nani, na usiku gani.

Sitaki nisifu kupita kiasi. Maktaba, tuseme, ilikuwa ya kuazimana. Fizikia au kemia ya madini nisingemshauri mtu kusomea mahali pasipo na maabara, hata wamjue hadi shangazi zake. Na nimeona baada ya hapo, hapa na pale, vyuo vilivyo vidogo kwa sababu moja tu: mwenyewe alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na shemeji mwenye digrii. Udogo peke yake haufundishi mtu. Tena katika udogo hupumui: kila mtu anajua deni lako, mchumba wako, na alama ulizopata.

Nilirudi Kolwezi 2004 pamoja na mume wangu. Baba alibaki Mbuji-Mayi; amezikwa huko, katika nchi ya asili yake ambayo haikuwa kwao. Yaya yuko hapa, anatengeneza pikipiki. Tangu 2015 mji wetu ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, na ule mchanga wa Kingamyambo uliotuchafulia mashuka sasa unachimbwa upya: tani zaidi ya milioni 100 za mabaki, ukijumlisha yale ya bonde la Musonoi, na ndani yake shaba na kobalti ambazo mashine za baba hazikuweza kuzitoa. Mtoto wa dada yangu anataka kazi huko. Ndiyo maana anauliza.

Siku mbili zilipokwisha nilimwambia: "Nenda vyuo vitatu. Usiulize bei kwanza. Muulize yeyote utakayemkuta ofisini, nani hakuja jana?"

Aliniona nimezeeka, lakini alikwenda. Chuo cha kwanza walimpa karatasi ya rangi yenye picha za majengo. Cha pili walimtembeza maabara, mashine zinang'aa, akatoka amefurahi. Swali lake walilicheka kwa upole. Cha tatu, madarasa matano na mti wa mwembe, mama mmoja wa makamo alifungua daftari akataja watatu. Mmoja ameenda matanga Likasi. Mmoja anajifungua. Wa tatu yuko shimoni Kasulo, mtaa wa wachimbaji wadogo, anachimba ili alipe minervali, na walikuwa wameshamtuma mwenzake akamwite.

"Maabara wanayo?" nikamuuliza.

"Hawana, mama mdogo."

Bado hajaamua. Jana jioni alikaa na yaya karibu na zile pikipiki, wanaongea chini chini, na yaya, ambaye habari za chuo haziongelei, nilimsikia akimuuliza jina la yule kijana wa Kasulo.