Juma Langu la Kwanza Salgaa

Mtu aliyezaliwa Unguja na kusomea Kiswahili hukua na kiburi fulani asichokijua mpaka aondoke kwao. Mimi nilikuwa nacho. Tulifundishwa darasani kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ndiyo iliyousimamia usanifishaji huo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Basi nikajiona mwenye mali. Popote nitakapokwenda, nilijiambia, nitakuwa nimekwenda kuwafunza watu lugha yangu.

Mwaka 2023, mara baada ya Sikukuu Kubwa, nilivuka bahari kwenda Dar es Salaam, nikapanda basi la Nairobi, nikagongewa muhuri Namanga, na jioni ya Jumapili, tarehe 2 Julai, nikateremka Salgaa. Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo ya kazi katika shirika dogo lililotoa elimu ya usalama barabarani kwa madereva wa malori. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika kipeperushi cha Kiswahili.

Salgaa ni mji mdogo katika Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Macho yangu ya kisiwani yaliuona kama bandari isiyo na bahari. Malori yanayobeba shehena kutoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo hutia nanga hapo. Madereva hula, hulala, hutengeneza magari, kisha huondoka. Baridi ya usiku ule sijapata kuiona. Nilijifunika kanzu zangu zote mbili juu ya blanketi na bado nikatetemeka.

Asubuhi ya Jumatatu niliingia katika hoteli, yaani mgahawa kwa desturi ya huko, nikaagiza chai ya rangi. Mama mwenye hoteli akanitazama. "Rangi gani, kijana?" Ikabidi dereva mmoja aingilie kati na kumweleza kwamba mgeni anataka strungi. Mama akaleta. "Kikombe hii ni shilingi ishirini," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nikamsahihisha mbele ya wateja wake: "Kikombe hiki, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Sawa, mwalimu. Kikombe hiki ni shilingi ishirini." Watu wakacheka. Nilidhani wanacheka pamoja nami.

Kicheko hakikudumu. Mazungumzo yakarudi mahali yalipokuwa kabla sijaingia. Ijumaa iliyotangulia, tarehe 30 Juni, lori lilikuwa limeacha barabara katika njia panda ya Londiani na kuwavamia wachuuzi na abiria kando ya njia. Zaidi ya watu 50 walifariki. Watu wa hotelini waliitaja ajali hiyo kwa sauti ya chini, kisha wakazitaja nyingine za karibu zaidi, kama mtu anayehesabu ndugu zake waliotangulia: moto wa Sachangwan wa tarehe 31 Januari 2009, ambapo lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota petroli, na zaidi ya 100 wakateketea, ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori, watu 36. Nilitambua kwamba kipeperushi nilichoagizwa kuandika hakikuwa zoezi la darasani.

Hata hivyo niliketi Jumanne nikakiandika kama zoezi la darasani. Niliichambua kila sentensi na kuipima kwa kamusi. Sentensi ya kwanza ilisema: "Madereva na utingo wanatahadharishwa dhidi ya matumizi ya gia huru mteremkoni, kwani hudhoofisha ufanisi wa breki." Niliipenda sana.

Jumatano tukaenda nacho kwenye maegesho. Mzee mmoja Mkenya, dereva wa miaka mingi, akawasomea wenzake kwa sauti. Alipofika kwenye "utingo" akaniuliza ni kitu gani. Nikaeleza. "Ah, tanboi," akasema, akaendelea. Alipofika kwenye "gia huru", dereva kijana kutoka Kongo akamkatiza. "Huru? Ile ya uhuru? Basi inakubaliwa."

Hakuwa anafanya mzaha. Maneno "wanatahadharishwa dhidi ya" yalikuwa yamempita kama upepo, na neno pekee alilolishika lilimpa ruhusa ya jambo ambalo karatasi ile ilikusudia kumkataza. Nilisimama nikiwa na nakala mkononi, uso unaniwaka. Laiti zile karatasi zingegawanywa bila kusomwa kwa sauti, nisingejua kamwe. Huenda kijana yule angeteremka Sachangwan akiamini kwamba nimemruhusu.

Mzee hakunicheka. Alinivuta kando ya trela lake akanifunza. "Hiyo tunaita nyutro," akasema. "Ukiwa na gia, injini inashikilia gari. Ukiweka nyutro, gari yote inabaki kwa breki. Breki ikishika moto, haishiki tena." Nikamuuliza kwa nini basi watu wanafanya hivyo. Akanyamaza kabla ya kujibu. "Dizeli inayobaki ni unga ya watoto, kijana yangu." Nilitaka kusema "unga wa watoto". Nikaumeza usahihi wangu.

Alhamisi sikukaa ofisini. Nilikaa hotelini kwa yule mama, madereva wakawa wanaingia na kutoka, nami nikawasomea kila sentensi. Asiyeielewa aliniambia, nikaifuta. Mganda alikataa neno moja, Mkongo jingine. Mama mwenyewe, huku akikanda chapati, aliamua ubishi zaidi ya mara mbili. Nilimwomba radhi kwa maneno ya Jumatatu. Akasema alishasahau, ingawa siku zote aliendelea kuniita mwalimu. Hadi jioni tulikuwa tumebakiwa na maneno haya: "Dereva, usishuke na nyutro. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Breki zikishika moto, gari halisimami."

Kesho yake ilikuwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyumbani, yenye methali saba. Sikuitoa. Tulikichapisha kipeperushi, nikampelekea mzee nakala ya kwanza. Akamsomea kijana wa Kongo. Kijana akairudia sentensi ya pili kwa maneno yake mwenyewe, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati.

Ndugu zangu wanafunzi, sijaacha kukipenda Kiswahili sanifu. Ndicho nilichotumia kuandika makala haya, na bila hicho Mganda, Mkongo na Mzanzibari wasingekuwa na pa kuanzia mazungumzo yao. Lakini nimejifunza kwamba usanifu ni ahadi ya kueleweka, na mwandishi ambaye haeleweki ameivunja ahadi hiyo hata kama sarufi yake haina doa. Pambizoni mwa kamusi yangu sasa kuna maneno niliyoyaongeza kwa kalamu: strungi, tanboi, nyutro.

Jumapili usiku sikupata usingizi, wala si kwa sababu ya baridi. Mama alikuwa amenifunza kuyasikiliza malori yanayoshuka. "Ile inapiga kelele ni nzuri," alisema, "injini imeshika. Ile inakuja kimya ndiyo mbaya." Nililala macho nikiyasikiliza. Kila lililoteremka likinguruma nililishukuru. Kisha likapita moja bila mngurumo, upepo mtupu na mlio wa matairi, nami nikashikilia ukingo wa kitanda mpaka liliponyamaza mbali, upande wa Nakuru.