Mtumishi wa Chuo na Barua Zake

Kila kazi ina vyombo vyake, na kila chombo cha kazi kina matumizi ya aina mbili: yale ambayo mwajiri alikinunulia, na yale madogo madogo ambayo mtumishi huyachomeka katikati. Karani wa zamani aliandika kwa wino wa ofisi barua ya kumjulia hali mama yake. Mwalimu alirudi nyumbani na vipande viwili vya chaki mfukoni, na watoto wake wakachora ukutani. Tarishi aliyetumwa posta kwa baiskeli ya idara alipitia sokoni akanunua samaki. Mambo haya yalijulikana, na mkuu mwenye busara aliyaacha yapite maadamu kazi ilitendeka na baiskeli ilirudi. Wino ulikauka, chaki ikafutika, samaki akaliwa. Hapana chombo hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kusimama baadaye na kumshuhudia mtu.

Kompyuta ni chombo cha namna nyingine. Ni kalamu, ni kabati, ni sanduku la posta, na wakati uo huo ni shahidi asiyelala. Mtumishi wa chuo anapoandika barua pepe kwa anwani aliyopewa na chuo, barua hiyo haitoki mkononi mwake ikaingia moja kwa moja mkononi mwa mpokeaji. Hupita kwanza katika kompyuta kuu ya chuo iitwayo seva, na seva huandika katika kumbukumbu zake nani amepeleka, kwa nani, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Nakala hubaki huko, na nakala ya nakala huwekwa penginepo kwa kuchelea moto au hitilafu. Mtumishi akiifuta barua mezani pake, aghalabu amefuta kivuli chake tu. Kurasa za mtandao anazozifungua nazo huacha nyayo kama hizo. Neno barua lenyewe hupotosha hapa, maana huleta moyoni picha ya bahasha iliyogandishwa kwa gundi, na hali kitu kinachotajwa kiko karibu zaidi na kadi iliyoachwa wazi kwa bawabu wa nyumba, ambaye huenda asiisome, lakini akitaka kuisoma hapana wa kumzuia ila kanuni na haya yake.

Kwa hiyo swali la matumizi yanayokubalika lina pande mbili, na waandishi wengi wa kanuni za vyuo hutazama upande mmoja tu. Huuliza mtumishi afanye nini na asifanye nini. Ni nadra kuuliza chuo kifanye nini na kisifanye nini kwa yale ambayo shahidi wake ameyaona.

Kisa kilichoonyesha upande huu wa pili kwa uwazi kilitokea katika chuo kimoja cha Wales. Mwanamke mmoja alianza kazi huko mwaka 1991, na mwaka 1995 akawa msaidizi wa mkuu wa chuo. Kazi yake ikamweka karibu na naibu wa mkuu, aliyekuwa mgeni katika cheo hicho. Mwezi Julai 1998, akiwa katika likizo, alizuru tawi jingine la chuo pamoja na mkurugenzi mmoja. Baadaye alipata habari kwamba naibu mkuu alipiga simu kwenye tawi lile kuuliza juu ya ziara yake. Hapo ndipo macho yalipoanza kumfuata. Ankara za simu zilichambuliwa ili kuona namba alizozipiga, saa za kuzipiga na urefu wa mazungumzo. Kurasa za mtandao alizozifungua mnamo Oktoba na Novemba 1999 ziliorodheshwa pamoja na siku na muda wake. Anwani za watu aliowaandikia barua pepe zilikusanywa, na saa za kuwaandikia.

Naye alijuaje? Hakuambiwa na mwajiri wake. Novemba 1999 chuo kilimtafuta binti yake wa kambo kikamwomba aeleze habari za barua pepe alizokuwa amezipeleka chuoni. Msomaji na atulie kidogo hapa, amfikirie mwanamke huyo akipokea habari hiyo nyumbani kwake, kutoka kwa mtoto wa mumewe, kwamba ofisi inaulizia barua za jamaa yake. Alimwandikia mkuu wa chuo akitaka kujua kama uchunguzi ule ulikuwa wa watu wote au wake peke yake. Jibu lilikuja tarehe 24 Novemba, nalo likaja kwa barua pepe: mashine huweka kumbukumbu za barua za kila mtu, lakini zinazochunguzwa ni zake tu, kwa ombi la naibu mkuu.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio unaotisha. Kumbukumbu ni za wote. Jicho ni la mmoja. Mvua ya takwimu huwanyeshea watumishi wote sawasawa, nao huizoea hata wakaisahau, mpaka siku ambayo mtu mwenye cheo anatia kidole katika orodha na kuliteua jina moja. Wakati huo chuo hakikuwa na kanuni yoyote iliyoandikwa juu ya kuangalia simu, barua pepe au matumizi ya mtandao ya watumishi wake. Naibu mkuu hakuvunja kanuni ya chuo, kwa sababu haikuwapo ya kuvunjwa. Mtumishi naye hakuvunja, kwa sababu hiyo hiyo.

Shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg mwaka 2000, likaamuliwa tarehe 3 Aprili 2007. Serikali ya Uingereza, iliyojibu kwa niaba ya chuo kwa kuwa chuo kile kilikuwa mali ya umma, ilitoa hoja mbili zinazostahili kukumbukwa na kila mkuu wa chuo. Ya kwanza ni kwamba hapana barua iliyosomwa. Zilitazamwa anwani na saa tu. Mahakama haikuikubali. Nani amezungumza na nani, na lini, ni sehemu ya mazungumzo yenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuishi katika mtaa wenye majirani wadadisi huelewa jambo hilo bila kufundishwa sheria: jirani hahitaji kusikia maneno yaliyosemwa ndani, humtosha kuona nani ameingia na saa aliyotoka. Hoja ya pili ilisema kwamba chuo kina mamlaka ya kutenda lolote linalohitajiwa ili kutoa elimu. Hii nayo ilikataliwa. Mamlaka ya kutoa elimu ni mapana, walakini hayakuwa sheria iliyomwonya mtumishi kwamba ataangaliwa. Mahakama iliona kwamba haki yake ya maisha ya faragha na ya mawasiliano ilivunjwa. Akapewa euro 3,000 kwa machungu yake na euro 6,000 kwa gharama za shauri. Miaka saba ilikuwa imepita kati ya kulalamika na kusikilizwa.

Haifai kuutia uamuzi ule maneno usiyoyasema. Mahakama haikutamka kwamba mwajiri asiangalie kamwe. Iliacha mlango wazi, kwamba yamkini zipo nyakati ambapo kuangalia ni jambo la lazima kwa sababu njema. Na sababu njema zipo. Anayewatetea watumishi kwa kudai kwamba wote ni malaika hawatetei sana. Chuo chenye mkondo mmoja wa intaneti ni kama kijiji chenye bomba moja: watu watatu wakipakua filamu toka asubuhi, mwanafunzi aliye maktaba akitafuta makala ya tasnifu yake hukaa akiutazama ukurasa mweupe. Wapo wanaompa rafiki neno la siri la mfumo wa matokeo ya mitihani, na wema huo ukazaa alama zilizobadilika usiku. Wapo wanaobofya kila kitu kilichotumwa na mgeni anayejidai kuwa benki, wakaifungulia ofisi nzima mlango wa wezi. Na yuko yule, wa kila chuo, anayewaandikia watumishi wote mia saba kwamba ana kuku wa nyama wa kuuza, na wengine ishirini wakamjibu, kila mmoja kwa watumishi wote, kwamba wasiandikiwe tena. Huyu wa mwisho anastahili kuhurumiwa kuliko kuadhibiwa. Lakini hao wa mitihani ni jambo kubwa, na chuo kisichokuwa na njia ya kuwafuata kimewasaliti wanafunzi wake.

Basi yafaa kanuni iwepo. Lakini kuwapo peke yake hakutoshi, na ushahidi wake unatoka katika chuo kikuu kilicho tajiri kuliko vingi. Septemba 2012, katika Harvard, viongozi walipekua akaunti za barua pepe za wasimamizi 16 wa nyumba za wanafunzi, wakimtafuta mtu aliyetoa nje waraka wa siri juu ya udanganyifu wa mtihani. Habari zilipotangazwa Machi 2013 ikaonekana kwamba kanuni zilikuwapo, tena zaidi ya moja: walimu walikuwa na zao zilizotaka mtu aarifiwe, na watumishi wa utawala walikuwa na zao zilizokuwa na ulinzi mdogo. Wasimamizi wale walikuwa wakifundisha na wakitawala pia. Kila upande ukaweza kushika kanuni iliyoupendeza. Kamati ikaundwa, na kanuni mpya, moja kwa wote, ikaanza kutumika mwaka 2014. Kwa hiyo Wales walikosa kanuni, na Harvard walikuwa nazo nyingi mno; na katika pande zote mbili mtumishi alikuwa wa mwisho kujua.

Afrika ya Mashariki haikosi sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano ya mtu binafsi, na inataka mipaka ya haki hiyo iwekwe kwa utaratibu wa sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya vivyo hivyo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilitunga yake, ya ulinzi wa taarifa binafsi, mwaka 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Upungufu hauko Bungeni. Uko katika chumba kidogo cha ofisi ya utumishi, siku ya kwanza ya kazi, ambapo mtumishi mpya hupewa rundo la karatasi: fomu ya benki, fomu ya mafao, fomu ya bima ya afya, na chini yake kurasa kadhaa za masharti ya kompyuta, kwa Kiingereza. Huonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Hutia. Mhadhiri hutia bila kusoma kwa sababu ana haraka. Dereva, mpishi na mlinzi hutia bila kusoma kwa sababu lugha ya karatasi ile si ile waliyoulizwa nayo maswali ya kuombea kazi. Sahihi zote ni sawa mbele ya chuo. Siku ya shauri, karatasi ile huletwa mezani kana kwamba ni ahadi iliyofikiriwa usiku kucha.

Hapa ndipo kazi ya Kiswahili inapoanza, nayo si kazi ya mapambo. Kanuni nyingi za vyuo hutumia kitenzi kimoja cha Kiingereza kusema kwamba chuo kina haki ya kuangalia matumizi ya mtandao. Kitenzi hicho ni kipana na kipole, kinaweza kubeba chochote. Mfasiri anapokifikia hulazimika kusimama. Je, chuo kitakagua? Mkaguzi huja kwa ratiba, hutazama hesabu za wote, huacha ripoti. Kitafuatilia? Anayefuatilia ana mtu wake na ana sababu. Kitachungulia? Anayechungulia amejificha nyuma ya pazia. Kitapeleleza? Mpelelezi ana tuhuma, na mwenye kutuhumiwa ana haki ya kuzijua. Lugha haimpi mwandishi wa kanuni neno moja la kujifichia. Humtaka achague, na kila neno analolichagua linamdai masharti yake: nani ataangalia, kwa idhini ya nani, ataangalia nini, kwa muda gani, na mwenye barua ataambiwa lini.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapana kinachovizuia vyuo kuifuata njia hiyo katika kanuni zao wenyewe, tena vyuo vyenye idara za Kiswahili vina wataalamu wa kuiandika palepale uani pao, bila kulipia nauli. Kurasa mbili zingetosha. Ukurasa wa kwanza useme mambo ya mtumishi: asitoe neno la siri, asiulemee mkondo wa wote, asitumie jina la chuo katika biashara yake, na aruhusiwe kumwandikia mwanawe kwamba atachelewa kurudi. Ukurasa wa pili useme mambo ya chuo, na utiwe sahihi na mkuu wa chuo, mbele ya huyo mtumishi, siku ile ile ya kwanza.