Kutoka Kijitabu cha Boyi hadi Rafu za Paris

Mwaka 1965, mji wa Lubumbashi nchini Kongo ukiwa bado unaitwa Elisabethville, chama cha watu waliowahi kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu kilitaka historia ya mji iandikwe. Isiandikwe na padri wala na wakubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière, bali na wao wenyewe, waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya viti vya chakula wakisikia kila kinachosemwa. Kazi hiyo aliifanya André Yav, mwenzao, aliyewahi kuwa boyi. Alikusanya yaliyoandikwa, yaliyosimuliwa na yaliyobaki vichwani mwa wazee, akayapiga taipu kwa Kiswahili kilekile kilichosemwa mjini. Kijitabu kikaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, kikarudufiwa, nakala zikapita mkono kwa mkono.

Hakukuwa na mhariri. Ukizitazama kurasa zile, utaona maneno mawili yameshikana kama neno moja, na neno moja limekatwa katikati. Vituo ni vichache na havikai pale msomaji anapovitazamia. Maneno ya Kifaransa yameandikwa jinsi sikio lilivyoyapokea. Mtu mwenye haraka angesema mwandishi hajui kuandika. Atakuwa amekosea sana, kwa sababu Yav alikuwa na hoja, alikuwa na mpangilio wa matukio, na alijua anawaandikia akina nani. Mji huu uliojengwa kuanzia 1910 kwa ajili ya shaba ulikutanisha watu wa lugha nyingi, na wengi wao walikijua Kiswahili kwa kinywa kabla ya kukijua kwa kalamu.

Kinywa ndicho kilichokuja kukiokoa kijitabu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipoyashughulikia maandishi ya Yav aliona kwamba macho peke yake hayatoshi. Akamwomba Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha hukohuko, ayasome kwa sauti huku akirekodiwa. Kalundi alipoanza kusoma, sentensi zilijipanga. Mahali ambapo karatasi haikuonyesha kituo, pumzi yake ilikionyesha. Kazi hii ya Kalundi haisifiwi inavyostahili: bila yeye, kijitabu kingebaki fumbo kwa msomaji wa mbali.

Kitabu kilitoka 1990, miaka 25 baada ya taipu ya Yav kunyamaza. Kilichapishwa na John Benjamins wa Amsterdam kwa jina la History from Below, kikiwa na tafsiri, insha ya Fabian na maelezo ya lugha ya Walter Schicho. Jina la André Yav limo kwenye jalada, na hilo ni jambo la heshima. Lakini maandishi yaliyokusudiwa mafundi, wapishi na wajukuu wao sasa yalikuwa kwenye maktaba za vyuo vikuu, yamezungukwa na Kiingereza. Mwaka 2001 yaliwekwa kwenye intaneti bila malipo, na hapo mlango ukafunguka kidogo hata kwa mtu wa Kenya au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi.

Yav hakuwa peke yake. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyezaliwa mjini hapa 1947, aliichora historia ya nchi picha baada ya picha, kisha mwaka 1980 akaiandika kwa mkono, kwa Kifaransa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya themanini habari zake zikapotea. Picha zake zilitolewa katika kitabu Marekani mwaka 1996, na historia yake ya mkono ikachambuliwa na Jan Blommaert katika kitabu cha 2008. Kwa wote wawili, ni wasomi wa nje walioyapeleka maandishi mtamboni, na waliyapeleka kama kitu cha kuchunguzwa.

Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, alipita njia nyingine. Alianza na mashairi na tamthilia, akapata medali ya dhahabu ya fasihi kwenye Michezo ya Frankofonia mjini Beirut mwaka 2009. Wakati huo alikuwa ameshahamia Ulaya, akaweka makazi Graz, Austria. Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ilichapishwa Paris na Métailié mwaka 2014, ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Roland Glasser mwaka uliofuata, ikaingia orodha ndefu ya Man Booker International 2016. Msomaji hakuombwa kumchunguza. Aliombwa kumsoma.

Hata hivyo, ndani ya riwaya hiyo kuna Lucien, mwandishi anayefika kwenye mji wa migodi na maandishi yake mkononi. Anampata mchapishaji, Mswisi anayeitwa Malingeau, naye anamtaka apunguze wahusika. Kwenye baa ya Tram 83 kelele hazikomi, wachimbaji na watalii wanapigana vikumbo, na Lucien anaendelea kuandika kwenye daftari lake. Mwanza Mujila alitoa riwaya ya pili, La Danse du Vilain, mwaka 2020, kwa mchapishaji yuleyule wa Paris. Humo Lubumbashi imetajwa kwa jina lake, pamoja na watoto wa mitaani wanaolala nje na kunusa gundi.